Muziki mtandaoni: Namna Ulaya ilivyotumia miaka saba kufungua milango ya duka moja

Tarehe 1 Mei 2004, nchi kumi mpya ziliingia ndani ya Umoja wa Ulaya, Poland na Hungary zikiwemo. Wakaaji wao waliambiwa kwamba kuanzia siku ile soko ni moja. Siku 45 baadaye, tarehe 15 Juni, kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka lake la muziki mtandaoni, iTunes, kwa watu wa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Mtu wa London, wa Lyon au wa Berlin aliweza kununua wimbo akiwa amekaa nyumbani kwake. Mtu wa Warsaw, raia wa soko lile lile, alisubiri mpaka Septemba 2011.

Miaka saba na miezi mitatu. Wimbo wenyewe unasafiri kwenye waya kwa sekunde chache tu, na kutoka Berlin mpaka mpaka wa Poland hakuna hata kilometa 100. Kwa hiyo kilichochelewa hakikuwa mashine. Kilichochelewa ni karatasi: nani ana haki juu ya wimbo, katika nchi gani, na nani alitia sahihi kwa niaba yake.

Habari hii ya Ulaya inatuhusu sisi pia. Sehemu kubwa ya muziki wa Congo ilirekodiwa au kutolewa Paris na Bruxelles, na leo vijana wa Goma, Bukavu, Bunia na Uvira wanapandisha nyimbo zao kwenye maduka hayo hayo. Wanaotaka kujua kwa nini msanii mmoja analipwa na mwingine halipwi, wafuate njia ambayo maduka haya yalipita.

Nchi tatu, kisha tisa, kisha moja

iTunes ilizaliwa Marekani tarehe 28 Aprili 2003, ikiwa na nyimbo 200,000 hivi, kila moja kwa senti 99 za dola. Ndani ya wiki moja iliuza nyimbo milioni moja. Wakati huo kampuni za muziki zilikuwa zikilia juu ya vijana waliokuwa wakibadilishana nyimbo bure mtandaoni. Duka hili liliwaonyesha kwamba mtu anakubali kulipa kama bei ni ndogo na kazi ni rahisi.

Ulaya ilipofikiwa mwaka uliofuata, duka lilikuwa na nyimbo zaidi ya 700,000. Bei ilikuwa senti 99 za euro kwa Ufaransa na Ujerumani, na peni 79 kwa Uingereza. Katika wiki ya kwanza nchi hizo tatu zilinunua nyimbo 800,000, na zaidi ya nusu ziliuzwa Uingereza.

Baadaye milango ilifunguka kwa makundi. Tarehe 26 Oktoba 2004 ilikuwa zamu ya nchi tisa: Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Austria, Italia, Hispania, Ureno, Ugiriki na Finland. Ireland ilikuja peke yake Januari 2005. Mwezi wa Mei mwaka huo huo zilifuata Denmark, Sweden, Norway na Uswisi.

Baada ya hapo, upande wa Mashariki ya Ulaya ulibaki kimya kwa zaidi ya miaka sita. Ni tarehe 29 Septemba 2011 ndipo nchi 12 zilizobaki za Umoja wa Ulaya zilifunguliwa kwa siku moja: Poland, Hungary, Czech, Slovakia, Slovenia, Romania, Bulgaria, Estonia, Latvia, Lithuania, Malta na Cyprus. Siku ile Umoja wa wanachama 27 ulikamilika.

Ukiangalia orodha hii vizuri utaona jambo la ajabu. Norway na Uswisi si wanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini zilipata duka mapema. Slovenia ilianza kutumia euro Januari 2007, Malta na Cyprus mwaka 2008, Slovakia mwaka 2009, lakini zote ziliendelea kusubiri. Kwa hiyo si uanachama wala sarafu peke yake iliyofungua mlango. Ukubwa wa soko ulihesabiwa, maana mfanyabiashara anaanza pale wateja ni wengi. Lakini chini ya hesabu hiyo kulikuwa na fundo lingine.

Kila wimbo una wenyewe zaidi ya mmoja

Watu wengi hufikiri kwamba wimbo ni mali ya yule anayeuimba. Kisheria, wimbo mmoja una haki za namna mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na sauti iliyotungwa. Hii ni ya mtunzi, na mara nyingi inasimamiwa na shirika la kukusanya haki za watunzi. Ya pili ni ya sauti iliyorekodiwa: ule mkanda wenyewe, kama tulivyouita zamani. Hii kwa kawaida ni ya aliyelipia studio, yaani mtayarishaji au kampuni ya muziki.

Duka likitaka kuuza wimbo, lazima likubaliane na pande zote mbili. Na Ulaya, kila nchi ilikuwa na shirika lake la watunzi: SACEM kwa Ufaransa, GEMA kwa Ujerumani, SABAM kwa Ubelgiji, PRS kwa Uingereza, STIM kwa Sweden. Mashirika haya yalikuwa na mapatano kati yao, kwamba kila moja litoe ruhusa ndani ya mipaka ya nchi yake. Mpango huo ulifaa wakati muziki ulipigwa kwenye redio na ndani ya dancing, kwa sababu dancing haihami. Duka la mtandaoni halina mahali. Likitaka kufungua nchi ishirini, linabisha hodi kwenye milango ishirini.

Tume ya Umoja wa Ulaya iliona kizuizi hicho. Mwezi wa Julai 2008 iliamua kwamba mashirika 24 ya watunzi yaache masharti yaliyokuwa yakigawa soko kwa mipaka ya nchi. Mashirika mengi yalikwenda mahakamani, na mwaka 2013 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilifuta sehemu kubwa ya uamuzi huo kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Sheria mpya ilitoka mwaka 2014 ili kuwezesha ruhusa moja kutumika katika nchi nyingi. Ndipo PRS, STIM na GEMA zikaunganisha kazi yao ndani ya kituo kimoja kinachoitwa ICE, ambacho duka linaweza kukiendea mara moja badala ya kuzunguka.

Kadi ya benki ikawa pasipoti

Kwa mnunuzi, mambo haya ya mikataba yalionekana mahali pamoja: kwenye kadi ya benki. iTunes ilijua nchi ya mteja kwa kuangalia kadi yake ilitolewa wapi. Mwenye kadi ya Ubelgiji alinunua duka la Ubelgiji tu. Hakuweza kuingia duka la Ufaransa, hata kama wimbo anaoutafuta ulikuwa huko na kwao haupo.

Tuchukue mfano wa Mcongomani anayeishi Liège, mwenye ndugu Lille, ng'ambo ya mpaka. Kwa treni au kwa gari wanatembeleana bila mtu kuwauliza kitambulisho. Wanaweza kununuliana viatu, simu na unga wa muhogo upande wowote. Lakini wimbo ule ule, kwenye duka lile lile, mmoja angeupata na mwingine angekatazwa.

Waingereza walikuwa na kilio kingine. Peni 79 za wakati ule zilikuwa zaidi ya euro moja, wakati Mfaransa alilipa senti 99. Shirika la kutetea wanunuzi la Which? lilipeleka malalamiko mwaka 2004, na mambo yakafika mpaka Tume ya Umoja wa Ulaya. Aprili 2007 Tume iliziandikia Apple na kampuni kubwa za muziki mashitaka rasmi juu ya kuwafungia watu ndani ya duka la nchi yao. Apple ilijibu kwamba yenyewe ingependa duka moja la Ulaya nzima, ila kampuni za muziki ndizo zinazotoa haki kwa nchi. Januari 2008 Apple iliahidi kusawazisha bei ya Uingereza ndani ya miezi sita, na Tume ikafunga faili. Bei zilitengenezwa. Milango ya nchi ilibaki vilevile.

Mpaka leo fundo halijafunguliwa lote. Tangu Aprili 2018, mtu aliyelipia huduma ya muziki katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya ana haki ya kuitumia akiwa safarini katika nchi nyingine ya Umoja. Desemba mwaka huo sheria nyingine ilikataza maduka ya mtandaoni kumbagua mteja kwa sababu ya nchi anamoishi. Lakini nyimbo, filamu na vitabu vya mtandaoni havikuingizwa katika sharti la kumuuzia kila mtu. Viatu viliruhusiwa kuvuka, wimbo ukaachwa nje.

Kufuli juu ya wimbo ulioununua

Kulikuwa pia na jambo lililowakasirisha wateja wengi. Wimbo ulionunuliwa iTunes ulikuwa na kufuli ndani yake. Ulicheza kwenye kompyuta yako na kwenye iPod ya Apple, lakini si kwenye chombo cha kampuni nyingine. Anayebadilisha chombo alikuwa katika hatari ya kuacha muziki wake wote nyuma.

Norway, nchi ya watu wachache, ndiyo iliyopiga kelele kubwa. Shirika la wanunuzi lilishitaki mwaka 2006, na Januari 2007 mamlaka ya kutetea wanunuzi ilisema kufuli hilo linavunja sheria ya nchi. Mwaka huo huo kampuni ya EMI ilikubali nyimbo zake ziuzwe bila kufuli, na Amazon ilifungua duka lake Marekani kwa nyimbo zisizo na kufuli. Amazon ilifika Uingereza Desemba 2008, kisha Ujerumani na Ufaransa mwaka 2009. Januari 2009 Apple ilitangaza kuondoa kufuli kwenye nyimbo zote. Ushindani na malalamiko ya wateja yalifanya kazi pamoja.

Wadogo walikataa kutia sahihi

Siku iTunes ilipofunguliwa Ulaya, kampuni kubwa zote za muziki zilikuwa ndani. Waliokosekana walikuwa wadogo, zile kampuni huru zinazoshikilia wasanii wasiopitia kwa wakubwa. Ziliona mkataba waliopewa si sawa na ule wa wakubwa, zikakataa. Baadhi ya wasanii waliokuwa wakipigwa kila siku kwenye redio za Uingereza hawakuonekana dukani.

Haikuchukua muda mrefu. Mwezi wa Julai 2004 Apple ilitia sahihi na kampuni tatu kubwa kati ya zile huru: Beggars Group, Sanctuary na V2. Somo lake ni wazi. Wale wadogo walikuwa na nguvu ya kukataa kwa sababu walishika karatasi za haki zao mkononi. Asiye na karatasi hakuitwa hata kwenye mazungumzo.

Somo hilo lilijirudia kwa huduma za kusikiliza bila kununua. Pale Paris, tovuti ya Blogmusik ililazimika kufunga mwaka 2007 baada ya SACEM kuibana kwa kupiga nyimbo bila ruhusa. Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti, ilirudi kwa jina la Deezer, ikiwa na makubaliano na SACEM hiyo hiyo. Spotify ya Sweden ilianza Oktoba 2008 katika nchi chache za Ulaya, Ufaransa, Hispania na Uingereza zikiwemo. Ujerumani, ambayo ina soko kubwa kuliko Sweden mara nyingi, iliipata Machi 2012 tu. Ni Wajerumani hao hao ambao, kuanzia 2009, walifungua video za muziki kwenye YouTube wakakuta maandishi kwamba haipatikani nchini mwao, kwa sababu GEMA na YouTube hawakupatana juu ya malipo. Ugomvi huo uliisha Novemba 2016.

Mtu anaweza kuwalaumu GEMA kwa ukaidi, na wasikilizaji wengi waliwalaumu. Lakini watunzi wao walijua jambo moja: kuna mtu amekaa mezani kwa ajili yao.

Kutoka Kindu mpaka kwenye maduka ya kwanza

Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya Apple kufika, Ulaya ilikuwa tayari na msambazaji wake. Kampuni ya OD2 ya Uingereza iliendesha maduka ya muziki mtandaoni katika nchi nyingi za Ulaya kwa majina ya wengine, kama vile HMV, Fnac na MSN. Mmoja wa waanzilishi wake ni mwanamuziki Peter Gabriel. OD2 iliuzwa kwa kampuni ya Marekani, Loudeye, mwezi ule ule wa Juni 2004 ambao iTunes iliingia.

Jina la Peter Gabriel si geni kwetu. Lebo aliyoshiriki kuianzisha, Real World, ndiyo iliyotoa albamu ya Papa Wemba inayoitwa Emotion, mwaka 1995. Ndiyo pia iliyotoa Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, kazi ya Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyehamia Dar es Salaam na kuwa mkubwa huko akiwa na Super Matimila. Ongala alifariki Desemba 2010, Papa Wemba Aprili 2016. Muziki wao uliotolewa na lebo ile uliingia katika zama hizi ukiwa na mwenyewe anayejulikana, mkataba na tarehe, vitu ambavyo kila duka linaloufungua mlango linavitafuta kwanza.

Tofauti na hiyo ni nyimbo nyingi za orkestra zetu za zamani. Zilirekodiwa kwa mapatano ya mdomo, mkanda ukabaki kwa mwenye studio, mwenye studio akauza kwa mwingine, wapigaji wakalipwa mara moja siku ile ya kurekodi. Leo nyimbo hizo zikisikilizwa Bruxelles au Warsaw, pesa inatoka. Inakwenda kwa yule mwenye jina kwenye faili, na mara nyingi familia ya mpiga solo haimjui.

Sasa mlango uko wazi, karatasi iko wapi?

Congo nayo ilisubiri zamu yake, muda mrefu kuliko Warsaw. Apple Music ilifunguliwa rasmi nchini mwetu Aprili 2020, Spotify Novemba 2021. Hapa kwetu kulipa bado ni kazi, maana wengi hawana kadi ya benki, na vijana wengi sokoni bado wanajaziwa nyimbo kwenye kadi ya simu kwa franga chache ambazo msanii hazioni.

Lakini kuuza ni tofauti na kununua. Msanii wa Uvira hahitaji duka liwe limefunguliwa Uvira ili wimbo wake uuzwe Ubelgiji. Makampuni ya usambazaji kama TuneCore, CD Baby au Believe ya Paris yanachukua wimbo na kuupeleka katika maduka ya nchi nyingi kwa mara moja. Kazi ambayo iTunes ilifanya kwa miaka saba katika nchi 27, leo kijana anaifanya kwa jioni moja, kama megabaiti zinatosha.

Hapo ndipo hatari ilipo. Fomu ya msambazaji inauliza swali moja dogo: je, wewe ndiye mwenye haki zote za wimbo huu? Wengi wanajibu ndiyo na kuendelea. Mwezi wa kwanza hakuna tatizo, kwa sababu hakuna pesa. Wimbo ukipendwa, aliyetengeneza mdundo anadai, mwenye studio anadai, aliyeimba kiitikio anadai, na meneja aliyefungua akaunti kwa jina lake ndiye mwenye neno la siri. Mdai mmoja akiandika malalamiko, duka linaweza kuuondoa wimbo ili kujilinda, na malipo yanaweza kuzuiwa mpaka wapatane.

Dawa yake haihitaji wakili mkubwa. Kabla ya kutoka studio, muandike karatasi moja: nani alitunga maneno, nani alitunga muziki, nani alilipia kurekodi, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wote watie sahihi na tarehe. Akaunti ya msambazaji iwe kwa jina la mwenye wimbo, si la rafiki mwenye simu nzuri. Jina la msanii liandikwe kwa namna moja kila mahali, maana mashine haijui kwamba majina mawili yaliyoandikwa tofauti ni ya mtu mmoja. Utunzi uandikishwe katika shirika la watunzi, SOCODA kwa hapa Congo, au SACEM na SABAM kwa wale walio Bulaya. Na namba ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha kila rekodi, ihifadhiwe pamoja na karatasi hiyo, kwa sababu ndiyo inayosaidia kuhesabu wimbo wako katika kila nchi unakopigwa.

Wakaaji wa Warsaw walisubiri miaka saba kwa sababu watu wenye haki hawakuwa wamepatana. Duka lao lilipofunguliwa, waliolipwa ni wale ambao majina yao yalikuwa tayari yameandikwa. Studio za Goma na Bukavu zinarekodi usiku huu kama kila usiku, na karatasi ya ukurasa mmoja inaandikwa kwa dakika kumi.